Kwa Nini Tabaka Nene Hufanya Mikunjo Mipana

Mji wa Nairobi umekaa juu ya lava. Chini ya Westlands, Embakasi na Karen kuna matabaka ya fonoliti, trakaiti na majivu ya volkeno yaliyomwagika katika miaka milioni michache iliyopita, na mengi yake yamelala karibu vile yalivyotulia yalipopoa. Bonde la Ufa, upande wa magharibi, limeyakata na kuyashusha ngazi kwa ngazi, lakini halikuyakunja, kwa sababu bonde la namna hiyo huzaliwa pale gamba la dunia linapovutwa. Mwamba ukivutwa karibu na uso wa dunia hupasuka. Ili ukunjike, sharti ubanwe.

Kwa mkazi wa Nairobi anayetaka kuona mikunjo, njia ni Barabara ya Mombasa. Ukishapita Athi River unakutana na kilima cha Lukenya, na hapo lava imekwisha. Kilima hicho ni naisi, mwamba wenye mistari ya meupe na meusi, na ni sehemu ya ukanda mkubwa ambao Arthur Holmes aliuita Ukanda wa Msumbiji mwaka 1951. Milima ya Machakos na Kitui ni ya ukanda huohuo. Miamba hii iliokwa na kubanwa kilomita nyingi chini ya ardhi wakati vipande vya mabara vilipogongana na kuunda Gondwana, bara kubwa la kale, kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita. Mikunjo iliyomo sasa iko juani kwa sababu kilichokuwa juu yake kimemomonyoka chote. Na asiye na safari ya Ukambani aangalie kaunta za benki na hoteli za katikati ya mji: mawe mengi yanayouzwa kwa jina la graniti ni naisi iliyosuguliwa, na mistari yake hupinda na kurudi kwa mpangilio ambao si wa kubahatisha.

Mtu akiona jiwe gumu limejipinda hivyo, swali la kwanza huwa ni nguvu. Ilikuwa nguvu kiasi gani? Tunadhani mkunjo mkubwa ni alama ya msukumo mkubwa. Hapo ndipo hesabu inaposhangaza. Fomula kuu inayotabiri upana wa mikunjo haina nguvu ndani yake, wala haina muda. Imebeba mambo mawili tu: unene wa tabaka, na jinsi tabaka hilo lilivyokuwa gumu likilinganishwa na mwamba uliolizunguka. Inafaa kuifikia fomula hiyo polepole, kwa sababu namna nguvu inavyotoweka ndani yake ndiyo sehemu nzuri zaidi ya habari yote.

Kwamba mikunjo hutokana na kubanwa kutoka ubavuni kulionyeshwa na mwanajiolojia Mskoti James Hall. Mwaka 1788 alipanda mashua pamoja na James Hutton na John Playfair kwenda Siccar Point, kwenye pwani ya Berwickshire, na pwani hiyo imejaa matabaka yaliyokunjika. Baadaye alitandika vitambaa mezani, kimoja juu ya kingine, akalaza juu yake mlango uliong'olewa kwenye bawaba zake, akauwekea uzito, kisha akasukuma vitambaa kwa mbao kutoka ncha mbili. Vikajikunja kama miamba ya pwani. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1815. Jaribio hilo lilithibitisha mwelekeo wa msukumo. Halikueleza kwa nini mikunjo ya tabaka moja hukaribiana kwa upana, wala kwa nini tabaka jembamba lililo hatua moja tu kutoka kwa lile nene hujikunja vidogovidogo.

Hesabu ya kwanza ya kufaa ilikuwa tayari imeandikwa, ila haikuwa ya miamba. Mwaka 1744 mwanahisabati Leonhard Euler alieleza kinachotokea kwa ufito mwembamba unaosukumwa kwenye ncha zake. Hadi kiwango fulani unabaki umenyooka, na ukivuka hapo hupinda ghafla. Hupinda kwa upinde mmoja wa urefu wake wote, kwa kuwa upinde mrefu ndio rahisi kuliko yote. Sasa hebu tuichukue kanuni hiyo tuipeleke kwenye tabaka la mwamba lenye kilomita 100. Ingetubidi tutarajie upinde mmoja wa kilomita 100, jambo ambalo halionekani popote. Tunaona mamia ya mikunjo ya mita chache, au ya sentimita chache. Kilichokosekana katika hesabu ya Euler ni kwamba ufito wake ulikuwa hewani, ilhali tabaka la mwamba limezikwa ndani ya miamba mingine, na miamba hiyo haiko tayari kusogea bure.

Chemsha maziwa, yaache yapoe, kisha sukuma utando wa juu taratibu kwa kijiko. Utando haupindi kwa upinde mmoja. Unafanya makunyanzi mengi yanayokaribiana kwa upana, na utando ukiwa mzito zaidi makunyanzi nayo hupanuka. Tabaka gumu juu ya kitu laini: sharti hilo linatosha kuibua mpangilio. Kwa mwamba, kitu laini kiko juu na chini ya tabaka, na kusukuma huchukua miaka maelfu kwa maelfu, lakini mvutano wa ndani ni uleule.

Mvutano huo una pande tatu. Kwanza kuna msukumo wa ubavuni, unaotaka kukuza kila kijikunjo kilichopo. Pili kuna tabaka lenyewe, linalokataa kupindwa. Tatu kuna miamba ya pembeni, inayokataa kusukumwa juu na chini ili kuupisha mkunjo. Tuchukue wimbi lenye kimo fulani, kisha tupunguze urefu wake kwa nusu bila kugusa kimo. Urefu wa wimbi hapa ni umbali kutoka kilele kimoja hadi kingine. Ukinzani wa tabaka dhidi ya kupindwa huongezeka mara 16. Faida inayopatikana kutokana na msukumo huongezeka mara 4. Ukinzani wa miamba ya pembeni huongezeka mara 2.

Namba hizo tatu, 16, 4 na 2, ndizo zinazobeba nadharia nzima. Mawimbi yakiwa mafupi mno, ile 16 huishinda ile 4, na tabaka linakataa kupinda. Tugeuze sasa turefushe wimbi maradufu. Faida ya msukumo inashuka hadi robo, lakini ukinzani wa miamba ya pembeni unashuka hadi nusu tu, kwa hiyo mawimbi marefu mno nayo yanakwama, safari hii kwa sababu yanalazimika kusogeza mzigo mkubwa wa mwamba laini. Katikati kuna urefu mmoja ambao unakua upesi kuliko mwingine wowote. Huo ndio utakaoonekana.

Na msukumo? Ukiuongeza, mawimbi yote yanakua kwa kasi zaidi, mafupi na marefu, kwa kiwango kilekile. Mbio zinaenda haraka, mshindi habadiliki. Ndiyo maana nguvu haimo katika jibu.

Aliyeandika hesabu hii kwa ukamilifu ni Maurice Biot, mzaliwa wa Antwerp, Ubelgiji, aliyefanya kazi Marekani. Alianza kuchapisha juu ya mikunjo mwaka 1957 na makala yake kubwa ikatoka 1961. Karibu wakati huohuo Hans Ramberg, aliyekuwa Uppsala nchini Uswidi, alifikia matokeo yanayofanana kwa njia yake. Tukiita unene wa tabaka h, na tukiita R uwiano wa mnato wa tabaka kwa mnato wa mwamba wa pembeni (mnato ni jinsi kitu kinavyokataa kutiririka), urefu wa wimbi linaloshinda ni huu:

L = 2πh × ∛(R/6)

Tabaka la sentimita 5 ambalo mnato wake ni mara 100 ya mwamba wa pembeni litatoa mikunjo ya sentimita 80 hivi, yaani mara 16 ya unene wake. Angalia kipeuo cha tatu kinavyofanya kazi. Ukiongeza unene mara mbili, mikunjo hupanuka mara mbili. Lakini ili upate upanuzi huohuo kwa kubadilisha ugumu, itabidi uongeze uwiano wa mnato mara nane. Basi mtu akisimama mbele ya mwamba wenye matabaka ya unene tofauti, tofauti ya unene ndiyo itakayojitokeza waziwazi, hata kama matabaka hayo hayalingani sana kwa ugumu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tunazungumza juu ya mwamba kutiririka ilhali jiwe tunalolijua hupasuka kwa nyundo. Biot alikokotoa pia hali ya tabaka linalopinda kama chuma cha springi, na katika hali hiyo nguvu inabaki ndani ya fomula. Lakini jibu lake linajikanusha lenyewe. Ili tabaka kama hilo litoe mikunjo yenye urefu wa mara 10 ya unene, msukumo utapaswa kufikia takriban sehemu ya kumi ya kipimo cha unyumbufu wa jiwe, yaani jinsi jiwe linavyokataa kunyumbuka. Kwa graniti kipimo hicho ni gigapaskali 50 hivi (gigapaskali ni kizio cha shinikizo), kwa hiyo tunahitaji gigapaskali 5. Graniti hiyohiyo ikibanwa kwenye mashine ya maabara huvunjika kwa gigapaskali 0.2 hivi. Hata kule chini, ambako shinikizo la pande zote huliongezea jiwe uimara, pengo hilo ni kubwa mno. Ingesagika kabla ya kupinda. Kwa hiyo mikunjo mingi tunayoiona Ukambani haikupindwa kama springi. Mwamba ulikuwa na joto la nyuzi mia kadhaa na ulitiririka, polepole kiasi kwamba fuwele zake zilijipanga upya bila kupasuka.

Kujua wimbi linaloshinda hakutoshi. Lazima pia tujue linashinda kwa kiasi gani, na hapa ndipo ninapoona watu wengi wakiteleza, hata waliosoma somo hili. Tabaka halianzi likiwa limenyooka kabisa. Lina vijibonde na vijiinuko vidogo kila mahali, na mstari wowote usionyooka kama huo unaweza kuandikwa kama jumla ya mawimbi mengi ya urefu tofauti. Kila wimbi hukua kwa kadiri ya ukubwa lilio nao wakati huo, hivyo tofauti ndogo ya kasi huzaa tofauti kubwa ya kimo. Turudi kwenye R ya 100. Tabaka likifupishwa kwa asilimia 10, wimbi linaloshinda hukua zaidi ya mara 13. Wimbi lenye nusu ya urefu wake hukua chini ya mara 5, na lenye urefu maradufu hukua mara 6 hivi. Mawimbi mengine hayajafa. Yamo humo ndani, yanaharibu usawa wa mikunjo. Ndiyo sababu mikunjo ya kweli hukaribiana kwa upana bila kulingana sawasawa, na mtu akipima mmoja tu kisha akaukokotoa amejidanganya. Pima mingi, upate wastani.

Sasa R ikiwa 10. Kwa ufupisho uleule wa asilimia 10, hata wimbi bora zaidi halifikii kukua mara mbili. Tabaka la namna hiyo likibanwa halijikunji kwa kuonekana. Linanenepa tu. Hili ni jambo la kukumbuka: kukosekana kwa mikunjo hakumaanishi kwamba mwamba haukubanwa. Huenda ulibanwa sana, ila matabaka yake yalikaribiana mno kwa ugumu.

Muda nao umetoweka kwa sababu ileile. Ukuaji unategemea kiasi cha ufupisho, si kasi yake. Kwa mwendo wa kawaida wa gamba la dunia linalobanwa, yaani sehemu moja ya 10¹⁴ kila sekunde, asilimia 10 huchukua zaidi kidogo ya miaka 300,000. Ukienda mara mbili ya kasi hiyo, mikunjo itakuwa ileile kwa nusu ya muda. Mwenye kutaka muda ataupata kwa kupima umri wa madini yaliyomo. Umbo la mkunjo halina habari hiyo.

Hadi hapo nadharia inapendeza, na ingekuwa rahisi kuishia hapo. Lakini wanajiolojia walipokwenda uwanjani na kupima, walikuta tatizo. Mwaka 1968 Sherwin na Chapple walichapisha vipimo vya mikunjo ya mishipa ya kwatzi, yaani matabaka membamba ya madini magumu yaliyojaza nyufa za mwamba, wakilinganisha urefu wa mawimbi na unene. Urefu hupimwa kwa kufuata mshipa wenyewe unavyopinda, si kwa mstari ulionyooka, maana mstari ulionyooka umekwisha kufupishwa na kubanwa kwenyewe. Uwiano uliopatikana ulikuwa mdogo, chini ya 10. Chukua uwiano wa 5 uuingize kwenye fomula ya Biot: unapata R ya 3 tu. Na R ya 3, kwa ufupisho wa asilimia 10, hukuza wimbi bora kwa chini ya theluthi. Kijiinuko cha milimita 1 kinakuwa milimita 1.3. Lakini mishipa iliyoko mbele ya macho yetu imejipinda hadi pande zake zinagusana! Fomula ilikuwa inasema mikunjo hiyo isingeweza kuwapo.

Jibu moja lilitoka kwa Sherwin na Chapple wenyewe. Kabla mikunjo haijawa mikubwa, tabaka lote linafupishwa na kunenepa. Tuseme limefupishwa hadi asilimia 70 ya urefu wake wa awali. Mawimbi yamekuwa mafupi kwa kiasi hicho, na unene umepanda kwa kiasi hicho kinyume chake, kwa hiyo uwiano wa urefu kwa unene unashuka hadi asilimia 49. Wimbi lililoanza likiwa na uwiano wa 16 linaonekana leo likiwa na 8. Tunachopima si wimbi lililochaguliwa mwanzoni, bali wimbi hilo baada ya kubanwa pamoja na tabaka lake.

Jibu la pili lilitoka kwenye fizikia ya fuwele. Biot alichukulia kwamba ukisukuma maradufu, mwamba hutiririka maradufu. Majaribio ya maabara yanaonyesha kwamba kwatzi na madini mengine yenye joto hayatii kanuni hiyo. Kasi ya kutiririka hupanda kwa kipeo cha karibu 3, maana yake msukumo maradufu huleta mwendo wa mara nane. Raymond Fletcher mwaka 1974 na Ronald Smith mwaka 1977 waliingiza tabia hiyo katika milinganyo. Ikawa kwamba tabaka la namna hiyo hulegea hasa pale linapopindwa, mikunjo yake hukua upesi zaidi, na mawimbi yanayoshinda ni mafupi kuliko ya Biot. Mishipa ya kwatzi ikaeleweka.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu mwenyewe pale Lukenya au kwenye kingo za barabara zilizochongwa kuelekea Machakos, funzo ni kuwa mwangalifu na jibu. Ukigeuza fomula ili upate R kutokana na vipimo, unapandisha uwiano hadi kipeo cha tatu, na kosa la asilimia 10 katika urefu huwa kosa la asilimia 33 katika R. Fomula hii inafaa kusema kama tofauti ya ugumu ilikuwa kubwa au ndogo. Anayeleta namba kamili yenye desimali mbili amedai zaidi ya alichonacho.

Yote hayo ni tabaka moja. Miamba mingi ina mamia yaliyopangana, na hapo mambo hubadilika kwa sababu ya kuteleza. Ukinzani wa kupindwa unapanda kwa kipeo cha tatu cha unene. Ukigawa tabaka moja katika vipande 10 vyembamba vinavyoteleza vizuri, kila kipande kina ukinzani wa sehemu moja ya 1,000 ya ule wa awali, na vyote kwa pamoja vina sehemu moja ya 100. Rundo linaloteleza hupindika kirahisi mara 100 kuliko gogo lililogandamana. Hii ndiyo sababu mchanga uliogeuka jiwe, ukiwa na tandiko jembamba la udongo kati ya kila tabaka, hujikunja kwa namna ambayo graniti isiyo na matabaka haiwezi kamwe.

Rundo hilo lina tatizo lake la kijiometria, na halihitaji hata fizikia kulieleza. Tabaka likibaki na unene uleule huku likipinda, kila tabaka linalofuata kuelekea ndani ya upinde lazima lipinde kwa ukali zaidi, kwa kuwa nusukipenyo kinapungua kwa unene wa tabaka kila mara. Nusukipenyo cha mita 10 na matabaka ya mita 1 hutoa nafasi ya matabaka 10. La 11 halina pa kwenda. Mstari unaopaswa kulifuata unajikata wenyewe, na mwamba mgumu hauwezi kujikata. Kuna njia chache za kutoka. Miamba laini hutiririka na kujaza kona. Mikunjo hugeuka kuwa ya zigizaga, yenye mbavu zilizonyooka na kona kali, umbo linaloweza kurudiwa tabaka baada ya tabaka bila kikomo. Au matabaka huachana pale kwenye kona na kuacha uwazi, jambo ambalo Giles Hunt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bath walilichambua kwa hesabu na kwa kubana marundo ya karatasi kwenye mashine.

Uwazi ule chini ya ardhi haukai mtupu. Maji ya moto yenye madini yaliyoyeyuka huvutwa ndani yake, na yanapopoteza shinikizo huacha kwatzi, na pengine dhahabu. Huko Bendigo, Australia, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1851, wachimbaji walijifunza kufuata kona za mikunjo. Walikuta tandiko la kwatzi lenye umbo la mgongo wa farasi, wakachimba chini yake kwa kufuata kona ileile ya mkunjo, wakakuta jingine, na chini yake jingine, hadi zaidi ya kilomita moja kutoka juu.